Mpira ni Mmea: Historia ya Mtambaa wa Vichaka vya Pwani na Majina Yake

Ukimuuliza mwanachama yeyote wa chama chetu maana ya neno mpira, wengi watakujibu kwa kutaja mechi ya Jumamosi. Wachache watakumbuka bomba la kumwagilia maji bustanini. Wanaotoka Rwanda na Burundi watasema kwamba kwao umupira ni wa kuchezea, na pia ni sweta. Waliokulia Tanga au Morogoro wanaweza kutaja kisamvu cha mpira. Ni nadra kumpata atakayesema kwamba mpira ni mmea wa porini wenye maua meupe yanayonukia, unaotambaa juu ya vichaka kuanzia pwani ya Kenya, kupitia Tanzania na Msumbiji, hadi KwaZulu-Natal. Hata hivyo utomvu wa mmea huo ndio mpira wa kwanza kuuzwa kwa wingi katika bandari zetu, kabla ya gurudumu la motokaa, na kabla ya timu yoyote tunayoishangilia leo.

Suala hili limetufikia kwa sababu ya orodha ya msamiati wa mimea ambayo chama chetu kinaiandaa. Kazi ilikwama tulipofika kwenye picha ya mtambaa mmoja. Wenzetu wa Unguja walisema huo ni mbungo. Wenzetu wa Lindi walisema ni mpira. Mmoja wetu alileta jina la mtoria, na mwingine akasema tuandike tu jina la kisayansi tusonge mbele. Jina hilo ni Landolphia kirkii. Tulipoanza kulichunguza tuliona kwamba hatuwezi kulipita kirahisi, kwa kuwa ndani yake mna historia nzima ya pwani yetu katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Katika makala hii tunadai jambo moja. Mmea huu ulitambuliwa mara tatu: kwanza na watu waliougema, kisha na wafanyabiashara walionunua utomvu wake, na mwisho na wataalamu wa mimea wa London. Jina lililoingia vitabuni ni la hao wa mwisho, lakini ujuzi uliowawezesha kuutofautisha na mingine ulianzia kwa wale wa kwanza.

Mmea wenyewe na wanaofanana nao

Tuanze na ugumu wa kuutambua, maana bila kuuelewa ugumu huo hatutaona kwa nini ujuzi wa wagema ulikuwa na thamani. Mpira, mbungo na mtoria ni wa familia moja, ambayo wataalamu wanaiita Apocynaceae. Ukilikata tawi la mmoja wao, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Majani yake huota mawili mawili yakikabiliana. Maua yake yana petali tano ambazo, kabla ya kufunguka, huwa zimesokotana kama kamba. Tena kila mmoja una vikono vya kujishikiza kwenye miti mingine, na kila mmoja huzaa tunda la mviringo lenye mbegu zilizozungukwa na nyama yenye uchachu, inayolika. Mtu anayepita njiani akiwa na haraka ataiona yote kuwa mmea mmoja.

Anayesimama ataona tofauti. Majani ya Landolphia kirkii ni madogo, mara nyingi hayazidi urefu wa kidole, na yana mishipa mingi myembamba ya pembeni iliyopangana kwa ukaribu. Maua yake ni madogo sana, meupe au ya rangi ya maziwa yaliyoiva, yamekusanyika katika vishada. Matawi machanga yana vinyweleo vya rangi ya kutu.

Mbungo, ambao leo wataalamu wanauita Saba comorensis, ni mkubwa kwa kila kipimo. Majani yake ni mapana na yanang'aa. Maua yake ni makubwa, meupe yenye njano kooni, na harufu yake humkumbusha mtu asumini. Tunda lake likiiva huwa na ukubwa wa chungwa na rangi inayokaribia ya chungwa. Hilo ndilo bungo, na juisi yake tunaijua sote, hasa wakati wa kufuturu.

Mtoria ni jina linalotumiwa kwa zaidi ya mmea mmoja wa jamii hii. Mara nyingi wataalamu huliweka kwenye Ancylobotrys petersiana, ambao petali zake ni nyembamba na maua yake hukaa kwenye vikonyo virefu vinavyogawanyika. Matunda yake pia huliwa.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Imo kwenye utomvu. Utomvu wa mbungo hunata, na haugandi ukawa mpira wa maana. Utomvu wa Landolphia kirkii huganda upesi sana, kiasi kwamba mgema anaweza kuuvuta kama uzi kutoka kwenye jeraha la mti na kuuzungusha ukawa donge. Tofauti hiyo haionekani kwenye jani lililokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Huijua mtu aliyeukata mmea, akaushika utomvu kwa vidole, akasubiri.

Waliougema

Watu wa bara la kusini, nyuma ya Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, walikuwa na ujuzi huo. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao waliishi katika nchi ya vichaka na misitu ya mitambaa hii. Kazi ya kugema ilifanywa kwa kisu na subira. Mgema alikata magome kwa vipande vifupi, akaacha nafasi kati ya jeraha na jeraha ili mmea usife. Utomvu ulipotoka, wengine waliupaka kwenye mkono wao wenyewe mpaka ukakauka, kisha wakaubandua. Wengine waliugandisha kwa maji ya chumvi au ya ndimu. Wengine walivuta nyuzi na kuzizungusha. Mwisho wa kazi yalipatikana madonge ya mviringo, ambayo yalibebwa vichwani na mabegani hadi pwani.

Miaka ya 1870 biashara hiyo ilikua haraka. Sababu mojawapo ilitoka mbali: mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Tangu hapo viwanda vya Ulaya na Marekani viliuhitaji kwa mikanda ya mitambo, mabomba, viatu na makoti ya mvua. Sababu nyingine ilikuwa hapa kwetu. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara wa bandari za kusini walihitaji bidhaa nyingine, na mpira ukawa mojawapo.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Ni rahisi kuandika kwamba mpira ulichukua nafasi ya utumwa, kama kwamba ukurasa mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguliwa. Utumwa wenyewe haukuondolewa mwaka ule. Kilichopigwa marufuku ni usafirishaji na soko. Kwa hiyo baadhi ya mikono iliyobeba madonge ya mpira hadi Kilwa na Lindi ilikuwa bado mikono ya watumwa. Wengine walikuwa watu huru waliogema kwa faida yao, na kwao mpira ulileta nguo, baruti na jembe bila kumtegemea bwana yeyote. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, katika njia ileile na bandari ileile.

Walionunua

Kutoka bandari za bara, mpira ulivushwa hadi Unguja, na huko mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na wa Ulaya ukapangwa kwa daraja. Huu ndio utambuzi wa pili. Mnunuzi hakuuona mmea. Aliona donge. Swali lake lilikuwa moja: ndani kuna nini?

Methali yetu inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa mpira hakuhitaji hata kusifiwa. Bei ilipopanda ilitosha. Madonge yalitiwa mchanga, magome, hata mawe katikati, ili uzito uongezeke. Tena utomvu wa mitambaa isiyofaa ulichanganywa na ule unaofaa. Mnunuzi akajifunza kulipasua donge katikati kabla ya kulipa, kunusa, kuvuta na kuangalia kama linarudi. Kwa njia hiyo soko lilijenga ujuzi wake wa kutenganisha mpira mzuri na mbaya. Bado halikuweza kusema umetoka kwenye mmea gani. Hilo lilikuwa swali la London.

Waliouandika

Mtu aliyeliunganisha soko la Unguja na London alikuwa John Kirk. Alikuwa Mskoti, aliyezaliwa mwaka 1832 na kusomea udaktari Edinburgh. Kati ya 1858 na 1863 alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa daktari na mkusanyaji wa mimea. Mwaka 1866 alifika Unguja, na baadaye akawa konsuli mkuu wa Uingereza mpaka alipoondoka mwaka 1886. Katika vitabu vya historia tunamsoma zaidi kwa ajili ya mkataba wa 1873, maana ndiye aliyemshinikiza Seyyid Barghash kuukubali. Lakini muda wote huo Kirk aliendelea kukausha mimea na kuipeleka kwenye bustani ya kifalme ya Kew, London, ambayo wakati huo iliongozwa na Joseph Hooker.

Kew haikuwa bustani ya matembezi tu. Ilikuwa ofisi ya dola. Mwaka 1876 Henry Wickham alileta huko mbegu takriban 70,000 za mti wa mpira wa Brazil, Hevea brasiliensis. Zilizoota zilikuwa chache, chini ya 3,000, lakini miche yake ilipelekwa Ceylon na Singapore, na huko ikaanzisha mashamba makubwa ya Asia. Kabla mashamba hayo hayajazaa, Kew ilitaka kujua mpira wa porini wa Afrika unatoka kwenye mimea ipi. Wakati huohuo, mwaka 1877, barabara ilianza kukatwa kutoka Dar es Salaam kuelekea bara kwa fedha za William Mackinnon na wenzake, na katika taarifa zake Kirk alieleza jinsi biashara ya mpira ilivyokuwa ikikua katika eneo hilo la nyuma ya pwani.

Vielelezo alivyopeleka vilichunguzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 mmea ukapewa jina la Landolphia kirkii. William Thiselton-Dyer, aliyekuwa msaidizi wa Hooker na baadaye mrithi wake, ndiye aliyeupa jina hilo kwa heshima ya Kirk.

Tulivunje jina hilo vipande viwili. Kirkii tumeshalieleza. Landolphia ni jina la kundi zima, na lilitolewa mwanzoni mwa karne ya 19 na Mfaransa Palisot de Beauvois, aliyekusanya mimea katika nchi za Oware na Benin, Afrika Magharibi. Alifika huko kwa meli ya nahodha Jean-François Landolphe, akampa shukrani kwa kuuita mmea kwa jina lake. Landolphe alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Basi mtambaa wetu una jina la kwanza la mtu aliyeuza watumwa, na jina la pili la mtu aliyeshinikiza soko la watumwa lifungwe. Hakuna aliyelipanga liwe hivyo. Lakini katika maneno hayo mawili hamna hata herufi moja ya mtu aliyejua kuugema.

Jina lililobaki la wenyeji

Msomaji anaweza kusema kwamba ndivyo sayansi ilivyokuwa zama zile na hakukuwa na njia nyingine. Hoja hiyo ina jibu, na jibu limo katika mikoba ya Kirk huyohuyo.

Katika safari ya Zambezi, Kirk alikusanya mmea mwingine wa familia ileile. Nao hutambaa vichakani, nao unapatikana pia katika pwani yetu. Ua lake ni la ajabu: petali zake zina mikia mirefu myembamba inayoning'inia. Tunda lake halina mviringo. Ni maganda mawili marefu yaliyoachana kama pembe, yenye mbegu za manyoya zinazopeperushwa na upepo. Wenyeji wa bonde la Zambezi na Shire walitengeneza sumu ya mishale kwa mbegu hizo, wakaiita kombe. Inasimuliwa kwamba mswaki wa Kirk ulikaa mfuko mmoja na sumu hiyo. Alipoutumia alihisi ladha chungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na kutokana nayo ikapatikana dawa ya moyo iliyotumika hospitalini kwa miaka mingi.

Mmea huo unaitwa Strophanthus kombe. Neno la wenyeji limekaa palepale, katika kitabu cha mimea, limeandikwa kwa herufi za Kilatini, na kila mtaalamu duniani analitamka. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwepo, na ilijulikana kwa watu walewale wa Kew. Neno mpira nalo lingeweza kutumika hivyo, na halikutumika.

Mfano wa kombe unatufundisha jambo jingine pia. Mimea miwili ya familia moja, yote ya kutambaa, yote ya vichakani: tunda la mmoja linaliwa na watoto njiani, mbegu za mwingine zinaua mnyama. Anayesema majina ya mimea ni mapambo ya lugha hajawahi kutembea porini akiwa na njaa.

Majina yanayohama na yasiyohama

Wengi wetu huamini kwamba jina la kisayansi limetulia na la kienyeji linayumba. Historia ya mbungo inaonyesha kinyume. Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea aliyeishi Morisi, aliujua mmea huo kutoka Komoro, na mwaka 1844 ukachapishwa kwa jina la Vahea comorensis. Baadaye ukahamishiwa Landolphia, na katika vitabu vingi vya zama za ukoloni utaukuta kama Landolphia florida. Katika karne ya 20 Mfaransa Marcel Pichon akauweka katika kundi la Saba. Saba hiyo haihusiani na namba yetu. Ni neno la Afrika Magharibi, linalofanana na lile ambalo watu wa lugha za Kimande hulitumia kwa tunda la ndugu yake mbungo.

Katika muda wote huo, mwanamke anayeuza matunda Unguja aliendelea kusema bungo. Mnunuzi alielewa, na pesa zikapokelewa.

Hatusemi kwamba majina ya kienyeji hayana matatizo yake. Neno mpira lenyewe limesafiri mno. Wajerumani walipotawala walileta Manihot glaziovii, mti wa Brazil wa jamii ya muhogo, wakaupanda katika mashamba ya Tanga na Morogoro, na watu wakauita mpira kwa sababu nao ulitoa utomvu. Mashamba yale yalipokufa, mti ulibaki, na majani yake yakaingia sufuriani. Hiyo ndiyo asili ya kisamvu cha mpira. Basi neno moja limebeba mtambaa wa pwani, utomvu wake, kitu cha kuchezea, mchezo wenyewe, mti wa kigeni na mboga. Jina la kisayansi lina faida yake hapa: linatuambia tunazungumzia mmea upi hasa.

Mwisho wa biashara

Mwaka 1888 John Dunlop alitengeneza gurudumu la mpira lenye hewa kwa ajili ya baiskeli, na baada ya hapo yakaja magari. Mahitaji ya mpira yakawa makubwa kuliko wakati wowote. Kugema kwa subira hakukutosha tena. Mahali pengi mitambaa ilikatwa mashinani na mizizi ikachimbwa, kwa kuwa mtu aliyeacha mmea wa leo kwa ajili ya kesho alimwachia mwenzake.

Ubaya mkubwa kuliko wote ulitokea Kongo. Huko ndugu wa mtambaa wetu, Landolphia owariensis, alikuwa utajiri wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II kati ya 1885 na 1908. Vijiji vilipangiwa uzito wa mpira wa kuleta, na vilivyoshindwa viliadhibiwa kwa kuchukuliwa mateka, kuchomewa nyumba, kukatwa mikono na kuuawa. Taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka mambo hayo mbele ya dunia. Wenzetu wanaotoka Kongo wanapolisikia neno mpira katika makala ya historia, hawasikii kiwanja.

Kisha yale mashamba ya Asia yaliyotokana na miche ya Kew yakazaa. Mwaka 1913 bei ilianguka vibaya, na mpira wa porini wa Afrika ukakosa soko. Mashamba ya Wajerumani katika Tanganyika ya baadaye nayo yakaanguka. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika na Wajapani wakaiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza walirudi kugema mashamba hayo ya zamani. Vita vilipokwisha, kazi hiyo nayo ikaisha.

Kilichobaki, na kazi yetu

Mtambaa wenyewe haujatoweka. Jamii hii ya mimea bado ipo katika misitu na vichaka vya pwani kama vile Arabuko-Sokoke, Shimba Hills, misitu ya kaya za Wamijikenda na Pugu. Lakini vichaka ndivyo vya kwanza kukatwa mji unapopanuka, kwa kuwa watu wengi huviona kuwa ardhi tupu inayosubiri kiwanja. Kitu kisicho na jina ni rahisi kukifyeka. Ndiyo maana tunaona kwamba orodha ya maneno ya chama cha wanafunzi, iliyoandikwa mbali na pwani, si mchezo.

Sisi tulio Uingereza tuna nafasi ambayo wenzetu wengi nyumbani hawana. Vielelezo vya Kirk vimehifadhiwa Kew, na picha za mimea iliyokaushwa ya huko zimewekwa kwenye intaneti ili yeyote azitazame. Ukifungua moja utaona tawi lililobandikwa, jina la mkusanyaji, na mara nyingi mahali na tarehe. Aliyemwonyesha mkusanyaji njia na kumwambia mmea huu unafaa na ule haufai, kwa kawaida haandikwi. Hatuwezi kumrudisha sasa. Tunaweza kuhakikisha kwamba ujuzi uliobaki leo hauandikwi kwa namna hiyohiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu huu kwa kamati ya msamiati, na tunaomba maoni ya walimu wetu. Kila mwanachama achukue picha za mitambaa hii minne: majani, maua na matunda. Azipeleke kwa simu kwa mzee wa kwao, awe babu, bibi, shangazi au jirani, na amwulize mambo matatu tu: mnauitaje, mnautumia kwa nini, na mnautofautisha vipi na mwenzake. Jibu liandikwe pamoja na mahali lilipotoka, na jina la aliyejibu liwekwe ikiwa yeye mwenyewe ameridhia. Majibu yakitofautiana kati ya Lamu, Tanga, Unguja na Mtwara, tusichague moja na kuyafuta mengine. Yote ni Kiswahili.

Kuhusu mzozo wetu wa awali, wenzetu wa Lindi walikuwa sahihi kwa picha ile: majani yalikuwa madogo na maua yalikuwa katika vishada vidogo. Wenzetu wa Unguja walikuwa na jina sahihi la mmea mwingine, nao tutauingiza katika ukurasa wake. Ingizo la kwanza tunapendekeza lisomeke hivi:

Mpira (mi-): mmea wa porini wa kutambaa, wenye utomvu mweupe unaoganda upesi, majani madogo yanayokabiliana, maua madogo meupe yenye harufu nzuri na tunda la mviringo linaloliwa, humea katika vichaka na misitu ya pwani. Utomvu wake uligemwa na kuuzwa kwa wingi katika bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani kuanzia miaka ya 1870. Huitwa pia mtoria katika baadhi ya sehemu. Usichanganywe na mbungo. Jina la kisayansi: Landolphia kirkii.